Acha Itulie

Sikumpenda Profesa nilipokuwa mwanafunzi wake, na sioni kwa nini nianze kumpenda sasa kwa sababu tu amezeeka na kuvunjika nyonga. Watu wa kwetu wana tabia ya kumsafisha mtu akishaanza kuugua. Jana alikuwa jeuri, leo ni mzee wetu, kesho atakuwa baba wa wote. Mimi sitamsafisha. Nitamweleza nilivyomjua, na pale alipostahili sifa nitampa, ingawa kwa shingo upande.

Alikuwa mrefu na mkavu, na alizungumza chini chini. Katika miaka yote niliyokaa kwenye maabara yake sikumsikia akipaza sauti hata mara moja. Wageni walidhani huo ni upole. Sisi tulijua ni ujanja, maana mtu akinong'ona inabidi umsogelee, uiname kidogo, usikilize kwa makini, na kabla hajamaliza sentensi umeshakuwa mdogo wake. Hata mkuu wa idara aliinama. Niliwahi kumwona akiinama.

Hakutuita kwa majina. Alituita kwa tulikotoka. Mimi nilikuwa Mwea, kwa sababu mama yangu analima mpunga karibu na Wang'uru. Mwenzangu aliitwa Busia. Sasa huyo Busia alizaliwa Kiganjo, hapa hapa Nyeri, baba yake akiwa askari anayefundisha makurutu, akasomea Kiganjo, akapigwa na baridi ya Kiganjo mpaka akawa anasema Kigikuyu vizuri kuliko mimi. Kule Busia kwenyewe, mpakani na Uganda, alikuwa ameenda Krismasi chache tu. Siku moja alijaribu kumweleza.

"Profesa, mimi kwa kweli ni mtu wa hapa tu."

"Baba yako alitoka wapi?"

"Busia."

"Basi," Profesa alisema, akarudi kwenye kazi yake.

Ndivyo alivyokuwa. Akishaamua kitu ni nini, kitu chenyewe kilikuwa hakina tena la kusema. Wakati huo tulicheka, na Busia alilizoea jina hilo mpaka leo namwita hivyo. Lakini nikiangalia nyuma naona ugonjwa wote ulikuwa pale pale, mbele ya macho yetu, nasi tukauchekea.

Nieleze kazi yenyewe, maana bila hiyo hamtamwelewa. Chuo chetu hapa Nyeri kilikuwa na hadubini ya elektroni, kuukuu, iliyoletwa ikiwa imeshatumiwa na wenzetu ng'ambo. Hadubini za shule hutumia mwanga. Yetu ilirusha mwale wa elektroni kutoka juu, ukapita katikati ya sampuli nyembamba mno, na kivuli cha sampuli kikaangukia kwenye kioo cha kijani chini. Kwa hiyo ungeweza kuona vitu ambavyo jicho halitaviona kamwe: chembe ndogo kiasi kwamba ukizipanga maelfu kwa maelfu hazifikii upana wa unywele. Chembe hizo ndizo zilizokuwa maisha ya Profesa. Alitaka kuzitengeneza kutokana na madini ya fedha, na kazi ya hadubini ilikuwa kuonyesha kama zipo, zina umbo gani, na ukubwa gani.

Chumba cha mashine kilikuwa na pazia zito jeusi, na hukuingia na viatu. Mlangoni palikuwa na safu ya patipati, na Profesa mwenyewe, na tai yake shingoni na koti lake la kijivu, aliziburuta patipati za bluu sakafuni kama mtu anayetoka kuoga. Alichukia vumbi kuliko dhambi. Ukipiga chafya ulitoka nje. Ukila chapati mchana uliosha mikono mbele yake, naye alisimama akitazama mpaka umalize kucha ya mwisho. Aliwahi kumrudisha mgeni wa heshima kutoka Nairobi kwa sababu mgeni alikataa kuvua viatu. Kwa hilo sina neno. Chumba kilikuwa safi.

Alikuwa na misemo yake. "Hadubini haina shangazi," alituambia, akimaanisha kwamba haikupendelei. "Ona kilichopo, usione unachotaka." Huo alituandikia ubaoni siku ya kwanza na haukufutwa hadi ubao wenyewe ulipotolewa. Kulikuwa na mwanafunzi aliyechora mchoro wa sampuli bila kuitazama sampuli, akanakili wa jirani. Profesa alimfukuza maabara siku hiyo hiyo, kwa ile ile sauti ya chini, na kijana alipopiga magoti alimwambia asichafue sakafu. Mimi nilimwogopa siku hiyo, lakini pia nilimwamini. Niliwaza, mtu anayechukia uongo hivi hawezi kunidanganya.

Lakini msemo mkubwa kuliko yote ulikuwa "acha itulie." Tulianza kwa tone moja la mchanganyiko juu ya wavu mdogo wa shaba, ambao ukiuangusha unaweza kupotea chini ya ukucha. Tulilikausha. Tukauingiza wavu ndani ya mashine kwa fimbo ya chuma, pampu zikaivuta hewa yote nje. Kisha Profesa alitafuta mahali, akaukaza mwale mpaka kioo kikang'aa, akaweka mikono magotini, akangoja. Hakuna aliyeruhusiwa kugusa kitufe cha kamera.

"Sampuli ni mgeni," alisema. "Mgeni haongei akifika tu mlangoni. Acha itulie."

Tukakaa gizani tukitazama. Mwanzoni palionekana ukungu, madoa yasiyo na umbo. Baadaye, taratibu, chembe zilijitokeza: nyeusi, za mviringo, nzuri ajabu. Tulidhani ni macho yetu yanayozoea giza. Yeye alitabasamu, na wakati huo tu ndipo alipopiga picha. Picha hizo ziliwekwa kwenye fremu na kutundikwa korido nzima. Wageni walipigwa picha wakiwa wamesimama mbele ya picha.

Nilisema nitampa haki yake, basi na hili niliseme. Busia aliwahi kushikwa na malaria mbaya baada ya kutoka hiyo Busia yake ya Krismasi. Profesa alimpeleka hospitalini kwa gari lake, akakaa kwenye benchi mpaka majibu ya damu yakatoka, kisha akaingia maabara ya hospitali na kugombana na mtu wa hapo, kwa sauti ya chini, akitaka kuitazama slaidi mwenyewe. Akaitazama. Akasema mko sawa, akarudi kukaa na mgonjwa hadi dripu ikaisha. Busia humtetea mpaka leo kwa ajili ya siku hiyo. Mimi humwambia mtu anaweza kukukalia kwenye benchi na bado akawa mtu wa hatari.

Maana chembe za fedha hazikuwa za kutundika ukutani tu. Fedha inaua vijidudu, hilo ni kweli na linajulikana. Profesa aliamua kwamba atachemsha majani ya chai ya milima yetu, achanganye na chumvi ya fedha, na chai itazigeuza kuwa chembe. Kisha vyungu vya udongo vitachovywa humo, na chungu kikikaa ndani ya ndoo yenye bomba, maji ya mfereji yakipita yatatoka bila vijidudu. Chujio la Profesa. Hata redio ya kwetu ililitaja.

Na vyungu vya kwanza, kwa kuwa mimi nilikuwa Mwea, vilipelekwa Mwea.

Mama alikuwa akichemsha maji maisha yake yote. Anaishi karibu na mfereji, na kule mtu asiyechemsha hujulikana kwa kuugua tumbo. Alichemshia kwenye jiko la maganda ya mpunga, ambayo hayauzwi ghali lakini yana moshi, na moshi ulikuwa umemharibu macho na kifua. Alikohoa kuanzia Julai hadi Julai. Kwa hiyo nilipomwambia kuna chungu kinachosafisha maji bila moto, alishika mikono yangu akaomba palepale, amesimama kwenye tope. Mama huniita Maitu, yaani mama, kwa sababu nina jina la mama yake.

"Maitu, Mungu amekukumbuka," aliniambia. Alimaanisha amemkumbuka yeye.

Siku ya kugawa vyungu Profesa alikuja mwenyewe hadi uani kwetu. Akina mama walikuwa wamejaa, viti vimeazimwa kanisani. Alichota maji ya mfereji mbele yao, rangi ya kahawia, akayamimina chunguni, akangoja. Yalipotoka kwenye bomba yalikuwa meupe, maana chungu cha udongo chochote kitaondoa tope. Alijaza glasi, akaiinua juu dhidi ya jua, akaizungusha ili wote waone. Akahutubia, na ilibidi wote wanyamaze kabisa ili kumsikia. Kisha akamgeukia mama yangu.

"Katika nyumba ya mtu, mwenye nyumba hutangulia," akasema, akampa glasi kwa mikono miwili.

Mama akainywa yote. Wanawake wakapiga vigelegele. Na kuanzia siku ile, yeyote aliyeingia jikoni kwetu alisimuliwa jinsi Profesa, na tai yake, alivyompa mama yangu glasi yake mwenyewe. Mama aliiosha ile glasi akaiweka juu ya kabati, haikutumika tena. Lile jiko la maganda akalitoa nje, kuku wakalalia ndani.

Niligundua kwa sababu ya stima. Asubuhi hiyo ilikuwa inapotea na kurudi, na kila ikipotea tulilazimika kuanza upya kuvuta hewa. Tulikuwa wawili, mimi na Busia. Niliogopa stima itatoroka kabla sampuli haijatulia, basi nikaufifiza mwale ukawa hafifu kabisa, nikatafuta mahali, nikapiga picha haraka haraka bila kungoja. Ilikuwa ukungu na madoa. Hakuna chembe hata moja.

"Ungengoja kidogo," Busia akasema.

Nikaukaza mwale. Tukangoja. Chembe zikaja, za mviringo, nzuri kama za ukutani. Nikapiga ya pili. Kisha nikasogea kwenye tundu la jirani la wavu, ambako mwale ulikuwa haujafika. Madoa tu. Nikakaza, tukangoja, na safari hii sikuwa natazama kama mwanafunzi anayengoja mgeni atulie. Nilitazama mahali pamoja bila kupepesa. Nikaiona chembe ikizaliwa. Doa lilikuwa halina kitu, kisha likatoa kijipele cheusi, kikanenepa, kikawa mviringo, kando yake kikaja kingine.

Busia alikuwa amesimama nyuma yangu. Alisema kwa Kigikuyu neno ambalo baba yake askari hakumfundisha.

Chai haikuwa imetengeneza kitu. Mashine yetu ya kupata maji safi ya maabara ilikuwa imeharibika zamani, na Profesa aliamuru tutumie ya bomba, ambayo yana klorini, na klorini ikishika madini ya fedha huifanya kuwa chumvi isiyoyeyuka. Chumvi hiyo ikipigwa na mwale mkali hugeuka, kama karatasi za picha za studio za zamani zilivyogeuka kwa jua. Sisi ndio tuliokuwa tukizitengeneza chembe, tumekaa gizani, mikono magotini. Wengine hujua kazi imefaulu kwa rangi, mchanganyiko ukigeuka wa kahawia. Wetu ulikuwa wa kahawia tangu mwanzo. Ilikuwa chai.

Maana yake kwenye vyungu hapakuwa na chembe zozote. Ndani ya chungu cha mama hapakuwa na mwale. Palikuwa na udongo na rangi ya chai.

Kabla ya kumwendea nilichota maji yaliyopita kwenye chungu, nikayaotesha kwenye sahani za maabara. Vijidudu vikaota vikajaa. Nikaziweka sahani na picha zote mezani kwake. Alizitazama kwa muda mrefu sana, picha moja moja, akiwa amezishika kwa ncha za vidole asiache alama.

"Ulipiga mapema," akasema.

"Nilipiga mapema na nikapiga tena baadaye, Profesa. Ni mahali pale pale."

"Mwea. Ukipakua wali kabla haujaiva, utalaumu mchele?"

"Kwenye chungu hakuna wa kuupika, Profesa. Na sahani nazo?"

"Mikono yako." Akazisukuma kando kwa kalamu. Kisha akauliza, chini zaidi ya kawaida yake, hata nikalazimika kuinama: "Nani mwingine ameona hizi?"

Nilikasirika siku ile kuliko nilivyowahi kukasirika, na nilikasirika zaidi kwa kuwa niliinama. Mtu aliyenifundisha nione kilichopo alikuwa amekitazama kilichopo, akakielewa. Nina hakika alikielewa. Asiyeelewa huuliza swali lingine. Nikamwambia kuna watu wanakunywa yale maji, na mmoja wao ni mama yangu, twende tuwaambie wachemshe, hata bila kusema sababu. Aliniambia nimechoka, nahitaji kutulia, na kwamba mwanafunzi asiyetulia hatamaliza kwake.

Sikumaliza kwake. Nilizungushwa, nikahamia kwa mwalimu mwingine, nikapata shahada yangu kwa kuchelewa na kwa machozi, na picha za ukungu zimo ndani yake. Chuo kiliacha kutengeneza vyungu, kimya kimya. Hakuna aliyetangaza. Redio iliyokuwa imelisifu chujio haikusema limekufa, na hakuna gari lililoteremka Mwea kuwaambia akina mama chochote. Nilizunguka mwenyewe nyumba kwa nyumba. Wengine walinisikia. Mama yangu hakunisikia.

"Wewe ulikuwa unasoma kwa nani?" aliniuliza.

"Kwa Profesa."

"Na saa hii unajua kumshinda."

Nilimtandazia picha juu ya meza ya jikoni. Ya kwanza, ya pili.

"Hii ni nini?"

"Hapo hakuna kitu, Mama. Ni uchafu tu."

"Eeh, naona uchafu. Na hii ingine iko na vitu."

"Hizo zimeletwa na mashine."

"Ati mashine. Si hizi picha zote zimetoka kwa mashine?"

Nilizikusanya picha zangu. Nilimchemshia maji mwenyewe kila nilipoenda nyumbani, nikajaza jagi, nikifika tena nalikuta limejaa vile vile na nzi amefia juu. Alisema yana ladha ya moshi. Nilipotishia kukivunja chungu alikaa mbele yake. Ningewezaje kumlaumu. Kifua chake kilikuwa kimepona. Kwake hilo lilikuwa jibu la sala, na mimi nilikuwa mtoto mwenye wivu aliyegombana na mwalimu wake.

Akashikwa na taifodi. Alilazwa, akakonda mpaka pete ikamtoka kidoleni, na nilipomwambia kando ya kitanda ni yale maji, aligeukia ukuta. "Ni chakula ya matanga," akasema. "Ile nyama ililala." Aliporudi nyumbani alienda moja kwa moja kwenye bomba la ndoo, akakinga kikombe. Daktari alikuwa ameniambia mwili wake hautastahimili ya pili. Nilitoka nje nikalia nyuma ya zizi, nikimlaani Profesa kwa jina lake kamili.

Hivyo ndivyo mambo yalivyokuwa Busia aliponipigia simu mwaka huu. Siku hizi mimi nafundisha kemia hapa Nyeri.

"Mzee ameteleza bafuni akavunja nyonga. Twende tumuone."

"Enda."

"Wacha hizo. Mtu akiwa mgonjwa tunaenda. Tutabeba sukari na mkate tukae kidogo, tuombe, tutoke."

Nilienda kwa sababu kwetu mgonjwa huonwa, hata yule usiyempenda, na pia, kwa nini nifiche, nilitaka kumwona amelala chini nami nimesimama. Anaishi upande wa Kiganjo, nyumba nzuri ya mawe, mlima ukionekana nyuma siku isiyo na mawingu. Barazani palikuwa na vyungu viwili vya udongo. Nilivijua mara moja, maana nilivichovya kwa mikono yangu. Vilikuwa vimejaa udongo mweusi, na humo dhania imeota vizuri sana.

Alikuwa amekaa kwenye kiti kirefu, blanketi magotini, magongo yameegemea ukuta. Alikuwa amepungua, ila si sana kama nilivyotarajia.

"Busia," akasema. "Mwea."

Sauti ile ile. Busia akainama. Mimi nilibaki nimesimama wima, na kama alisema kitu kingine sikukisikia.

Mke wake ni mama mfupi mchangamfu, aliyefurahi kupata wa kuongea naye. Alichukua mfuko wa sukari, akatuombea baraka, akaleta chupa ya chai na glasi na jagi la maji, kwani saa ya Profesa kumeza dawa ilikuwa imefika.

"Mkunywe maji pia, ni ya moto kidogo, nimetoa kwa jiko saa hii."

Busia, ambaye hupenda kumchangamsha mtu, akasema, "Mama, na ile chujio ya Profesa? Siku hizi hamtumii?"

"Chujio?" Akacheka. "Hiyo ni ya dhania. Huyu mtu wangu hawezi kunywa maji haijachemshwa, tangu anioe. Hata tukienda harusi anabeba yake kwa chupa. Nilimwambia, si ulitengeneza chungu? Akasema niweke maua."

Profesa alikuwa ameshika dawa yake kiganjani. "Tumbo langu ni dhaifu," akasema.

"Hata wakati ule?" nilimuuliza mke wake. "Wakati tulikuwa tunagawa vyungu?"

"Nakwambia tangu anioe, mami. Chemsha, funika, wacha ipoe. Kila siku."

Busia alitazama miguu yake. Mimi nilikuwa nimeshatoa simu. Mama huwa hachelewi kushika simu yangu, aliipokea upesi, nyuma yake nikasikia kuku.

"Mama, niko kwa Profesa. Ongea na mke wake, anataka kukusalimia." Nikampa yule mama simu. "Tafadhali mwambie tu vile umetuambia, maji ya hapa."

"Mwea," Profesa akasema. "Wacha mambo ya zamani."

Mke wake, asiyejua kitu, alisalimia kwa Kigikuyu kirefu cha watu wazima, akauliza mvua na mpunga, akacheka, kisha akasema sisi huku tunachemsha, tumechemsha siku zote, mzee hagusi ya chujio, eeh, yeye mwenyewe, hajawahi. Akasikiliza. Uso wake ukaacha kucheka, akamtazama mumewe, akanirudishia simu.

"Maitu," mama akasema.

"Niko hapa."

"Yeye mwenyewe hajawahi."

"Ndiyo, Mama."

Profesa alikuwa bado na kile kidonge mkononi, kimeanza kulowa jasho, glasi mbele yake haijaguswa.

"Kumbe ndio maana alinipatia ile glasi," mama akasema. Kisha: "Wacha nikate simu. Nataka kutoa kuku kwa ile jiko ya maganda."